Kiti cha Nyuma

Wametuletea mlango wa chuma shuleni, Maabila,
mlango usio na ukuta, unaolia pii
kwa bangili za Bi Shinuna,
kwa funguo za mwalimu wa hesabu,
kwa mkebe wa halua alioubeba mkaguzi mwenyewe.
Na kamera kumi na mbili. Nimezihesabu.
Moja inakodolea bomba la maji;
sijui linashukiwa nini.

Sibezi. Heri kufuli kuliko majuto.
Ila mimi, Zuwena wa basi namba saba,
nina kazi isiyo na waya:
watoto wakishashuka, dereva akazima injini,
narudi ndani peke yangu,
nagusa kila kiti kwa kiganja,
nainama, nachungulia chini,
hadi kile cha mwisho
ambako joto huwahi kuketi.

Mwezi wa tano, saa mbili asubuhi,
kifungo cha mkanda tayari kinaunguza.
Niliona kofia kwanza, ya nyuzi za samawati,
kisha kiatu,
kisha Muatasim, miaka mitano, amelala fofofo,
jasho limemlowesha kanzu mgongoni.

Mlango haukulia.
Mlango humlilia anayepita.
Asiyepita, nani wa kumlilia?

Nilimbeba begani nikakimbia.
Pii! Pete yangu ya fedha.
“Rudi, mama,” akasema mlinzi kijana,
macho kwenye taa nyekundu, “upite tena.”
Sikurudi.
Mtoto alikuwa ameamka,
anaomba maji.