Kisu cha Ami Shekuwe

Ami Shekuwe alinoa kisu chake nyumbani,
Kibokoni, usiku, mlango umefungwa,
kwa jiwe la babake na tone la mafuta ya nazi.
Bandani hakunoa kamwe.
Bandani walikuwapo mbuzi.

Mimi nina miaka kumi na mitatu,
kazi yangu kushika miguu na kubeba ndoo.
Maji kwanza. Hata mkesha wa Idi Kubwa,
watu wamejaa mlangoni na mabeseni yao,
wagonga bati kwa funguo, wataka maini,
maji kwanza,
na mbuzi anywe mpaka ainue kichwa mwenyewe.

Siku moja nikamwambia:
Ami, mbuzi hajui kisu ni nini.
Ukinoa mbele yake, kwani yuwaelewa?

Hakunitazama. Alikuwa akimlaza beberu mwekundu
ubavu wa kushoto, uso kaskazini,
taratibu, kama umtoavyo garini
mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Akasema: Yeye hajui. Wewe wajua.

Kisha bismillahi, nami nikafumba macho.
Kofi la kisogo.
Fumbua. Nyama utakula umefumba?

Nje ya banda alikuwa mtu wa mzaha,
kicheko chake chasikika hadi kwa muuza kahawa.
Lakini bwana mmoja wa Makupa,
kilo nne kwenye mfuko, kashalipa,
alipochomeka sigara
mdomoni mwa kichwa cha kondoo pale mezani,
na sote tukacheka, mimi wa kwanza,
Ami aliitoa ile sigara,
akaifuta midomo ile kwa aproni yake,
akazihesabu pesa za watu, akazirudisha.
Kanunue dengu, akamwambia.

Sasa nyama naitoa dukani Nyali,
vipande sawasawa ndani ya plastiki,
bei juu, tarehe chini.
Haina sikio. Haina kibla.
Sijui alikunywa maji.

Jana usiku Tima wangu, macho kwenye simu,
aliacha nusu ya paja kando ya pilau, akenda zake.
Sikusema neno.
Nyumba ilipotulia nikaurudia ule mfupa,
nikautafuna hadi ukawa mweupe,
nikagonga uboho kwenye sahani,
ko, ko, ko.

Mke wangu akauliza kutoka chumbani:
Nani huyo abishaye hodi saa hizi?

Mbuzi, nikamjibu.
Lala.