Ngozi ya Saba

Kaja kijana wa Makumbusho kutoka Chake,
viatu mkononi kwa tope la bondeni,
kauliza: ndiye wewe Mwanatime binti Mjaka?
Nimeambiwa wazee wako walitawala hapa.
Nikamwambia kaa, ila ngoma usiisogeze,
kuku wangu anaatamia ndani yake, mayai kumi na moja.

Andika basi.

Wa kwanza ni mwanamke (na hapo hapo kalamu ikasita).
Mwana Mize, aliyekuja na mbuzi wawili
na ufunguo usiokuwa na mlango.
Mlango akaujenga baadaye.
Nchi ikaitwa Mizeni: toka kisimani mpaka kwenye mikoko,
mwenye haraka huimaliza kabla uji haujapoa.
Lakini ilikuwa na kiti, ilikuwa na mwavuli,
na ngoma hii, ambayo akifa mwenye kiti
huvuliwa ngozi, ikawambwa mpya, ya mtamba.
Ndiyo tarehe yetu. Hatukusema mwaka fulani.
Tulisema: alizaliwa ngozi ya pili, njaa ile ya ngozi ya tatu.

Ya pili ni Shaame, mwanawe,
aliyekataza mtu kupita na viatu mbele ya baraza.
Yeye alivaa. Akafa kwa mwiba uliotoboa soli.
Ya tatu ni Mcha. Huyo usimwandike sana.

Ya nne ndipo palipoharibika.
Vuai na Mbaraka, baba mmoja, mama mmoja, kiti kimoja.
Wakagawana: huyu kiti, yule mwavuli,
mmoja kakaa juani, mwenziwe kasimama kivulini,
miaka tisa hawapeani mkono ila matangani.
Ngoma ikalazwa kwa dada yao, Mwana Aziza,
kwa kuwa hapana aliyemwogopa.
Akaiwamba mwenyewe, kwa ngozi ya mbuzi,
maana ng'ombe nao walikwisha gawanywa.
Ukitaka kuoza binti, ukitaka kuzika,
ukitaka mpaka wa konde lako ujulikane,
utakwenda kwa nani kama si kwa mwenye ngoma?
Orodha za wanaume zinamruka
kama mtu anavyoruka kidato kilichooza.
Wewe usimruke.

Ya tano, Ussi. Wakaja watu wa Unguja na daftari:
bakini na kiti, bakini na ngoma na heshima zenu,
sisi tutachukua kodi tu.
Ndiyo mtu akuachie ganda la dafu,
akuombe maji tu.

Ya sita, Kheri. Siku walipomjia kumvua mwavuli
alioga, akavaa kanzu ya Idi,
akatoka na wakeze, wajukuu, wapishi,
na kitoto kilichofungwa mbeleko,
wote nyeupe, ngoma mbele,
wakaielekea mitutu bila hata bakora.
Askari walijiandaa kwa vita,
hawakujiandaa kwa jamaa ya watu.
Yule wa mwanzo akashusha bunduki. Akashusha na wa pili.
Wakapishwa.
Wakapita, wakaenda, wakaenda,
mpaka kwenye shamba la mtu wasiyemjua,
na kesho yake wakachuma karafuu kwa pishi, kama kila mtu.

Wako wasemao ni aibu, bora wangekufa pale njiani,
ingekuwa hadithi.
Mie ni mjukuu wa kile kitoto cha mbeleko.
Sina la kuwajibu. Nimekula, nimezaa, nimechuma.

Ngozi ya saba haikuwambwa.
Kijana kaangalia ngoma, kauliza kwa adabu
kama serikali inaweza kuiweka ndani ya kioo.
Inaweza, nikasema. Siku tisa zijazo.
Yakiishaanguliwa.

Akasoma alichoandika. Mize ni kwa *e* au kwa *a*?
Kwa *e*, mwanangu. Na umweke juu kabisa,
karatasi yako ina nafasi.

Akaaga. Akapita mbele ya lile tuta
lililokuwa baraza la Shaame,
viatu bado mkononi.
Wala sikumwambia kitu.