Hamira

Mama hununua pakiti mbili za hamira:
moja ya mahamri, moja yangu.
"Siku hizi hata mbu hupikiwa," asema,
akiukanda unga kwa ngumi, saa kumi usiku,
Maweni nzima ingali imelala.

Maji niliyachota kwenye bwawa la hoteli iliyofungwa,
ile ambayo herufi zake mbili zimeanguka langoni.
Wazungu walipoacha kuja, maji yalibaki.
Mvua ikaongeza, majani ya mkungu yakaoza humo,
na chini ya ukoko wa kijani
wakaingia wageni wasiolipa.
Tsofwa, mlinzi, hunifungulia kila Jumatatu.
"Hawa unawahesabu ili uwaue, au uwalee?"

Nawalea.
Viluwiluwi mia kwa kila sinia.
Wamelala sambamba na uso wa maji kama nyuzi zilizokatwa,
wanageuza vichwa, kisogo chini, kinywa juu,
wanauramba uso wa maji usiku na mchana.

Sinia la dirishani nalimwagia hamira bila choyo.
Siku ya nane wamejikunja, mabundo,
kila mmoja alama ya mkato iliyokosa sentensi.
Siku ya kumi wanapasua ngozi,
wanasimama juu ya maji, wanakausha mbawa.

Sinia la ukutani napimia kwa ncha ya kijiti.
Siku ya kumi na mbili bado ni vistari vya wino.
Siku ya kumi na nne nilihesabu themanini na mmoja.
Kesho yake, sabini na sita.
Nikamulika tochi kutafuta maiti:
hakuna hata mmoja.
Mwenye njaa hamtupi nduguye.

Nyevu, mdogo wangu, alizaliwa mwaka ule
mahindi ya Ganda yalipokaukia kwenye urefu wa goti.
Kadi yake ya kliniki ninayo:
mstari wa uzito unatambaa, unatambaa tu,
kama siafu aliyepoteza wenzake.
Mama alimkorogea uji mwepesi
ambao ungeweza kujitazama sura ndani yake.
Leo ana miaka kumi na tisa;
viatu vyake twanunua upande wa watoto.
Hula mahamri manne kabla chai haijapoa,
na mkono bado unapapasa sahani.

Nami nilidhani: wadogo, basi na madhara yao madogo.

Wa ukutani walitoka siku ya ishirini, wachache,
bawa fupi kwa unene wa unywele.
Nikauingiza mkono wangu wavuni.
Wale walioshiba utotoni waliuma mara moja,
wakatulia, wakaenda kutaga.
Hawa waliuma, wakarudi.
Kesho yake wakarudi.
Damu ya kwanza haikuwa ya mayai,
ilikuwa ya deni:
walikuwa wakizilipa zile siku za kijiti,
chembe kwa chembe, kwa mkono wangu.

Daftarini nimeandika: *mara tatu*.
Safu ya maoni nimeiacha wazi.
Ningeandika nini? Kwamba njaa haiui tu,
humrudisha aliyebaki mlangoni kwako
tena, na tena?

Alfajiri hii unga umeumuka, umekiinua kitambaa.
Nyevu ameamka kabla ya adhana,
amekaa karibu na karai, magoti kidevuni.
Mama anamsogezea hamri la tano,
asimtazame, asiseme neno,
kisha ananigeukia mimi
niliye mlangoni na pakiti yangu mfukoni.

"Na hao watoto wako wa majini,
jana walikula?"

"Walikula."

"Wote?"