Msamiati wa Jumanne

Jumanne usiku, juu ya maktaba ya Rochdale,
hita inapiga chafya pembeni,
Bwana Lomax ananikabidhi maneno moja moja
kama fundi anayemwazima jirani bisibisi.
"Usiseme shairi ni zuri. Sema limefanya nini.
Usiseme mshairi. Sema nafsineni.
Anayesema 'mimi' huenda si yeye."

Nina miaka hamsini na miwili.
Mtihani huu wa Kiingereza ulinibwaga nikiwa na kumi na sita.
Vidole bado vinanukia tangawizi
ya biskuti za zamu ya asubuhi.
Naandika: tashihisi, kukipa uhai kisicho na roho.
Naandika: tafsida, kulivika neno kali glavu.
Mishata naipenda kuliko zote,
mshororo unaokatika kabla
haujasema.

"Yatanifaa wapi haya?" nikauliza.
"Kwenye mtihani, Beverley."
Hakujua, maskini.

Ijumaa ikaja barua ya kiwanda.
Nasreen akaisoma kantini, chai ikipoa,
Clive anatazama viatu vyake.
*Imeamuliwa*, inaanza.
Nikanyoosha mkono kama niko darasani.
Imeamuliwa na nani? Nafsineni yuko wapi?
Kitenzi kimekuja kazini peke yake,
hakina mtenda, hakina hata koti.
*Soko limetulazimisha.* Tashihisi hiyo.
Soko lina mikono? Lilimkaba nani?
*Kupunguza nguvukazi.* Vua glavu uone kucha.
*Tunasikitika*, mara tatu,
lakini takriri hukoleza, na hii imechujuka
kama kifuko cha chai kilichotumika mara nne.
Toni: ya jokofu.
Beti nne nzima, na jina la mtu hamna.

Hakuna aliyesema kitu.
Halafu Nasreen akacheka hadi akalia,
na Clive, ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi,
akaniomba kalamu.
Tukapiga mistari, tukajaza pambizo,
tukairudisha ofisini na alama zake:
*Mbili juu ya kumi. Rudia. Taja mtenda.*

Kiwanda kitafungwa Machi vilevile.
Tangawizi itatoka vidoleni, sijui kwa muda gani.
Jumanne nitapanda tena ngazi zile
nina swali kwa Bwana Lomax:
mstari ukikatwa katikati,
na aliyeukata siye aliyekuwa akiuandika,
hiyo nayo huitwa mishata,
au kuna neno kali zaidi?