Milimita Sita

Kisizidi kiberiti, ndiyo sharti.
Bi Sikitu wa Tandika anataka kijibane
nyuma ya mashine yake ya kutotolea vifaranga,
kiushushe umeme, mia mbili thelathini hadi tano,
simba anyweshe kwa kijiko.

Wiki nzima nimelala na rula.
Huku umeme wa ukutani, kule volti tano,
katikati milimita sita, tupu,
isivuke risasi, lisivuke hata vumbi.
Wapangaji wawili wasiosalimiana:
habari hupita kwenye transfoma tu,
kama kikohozi ukutani.

Cha kwanza kilipasuka. Kwa ubahili wa nafasi
nilikuwa nimeinyima fyuzi.
Cha pili kiliniuma nikiwa nimeshachomoa waya.
Kapasita haisamehi upesi.
Nikaiwekea rezista, imalize hasira taratibu.

Jana usiku umeme ulikatika,
ukarudi kwa kishindo. Feni ya jirani ikafa.
Nikakaa macho, naihesabu milimita moja moja.

Alfajiri Bi Sikitu akapiga.
Hakusalimia. Aliisogeza simu
ndani ya joto la mashine,
nikasikia ganda likigongwa
kwa ndani.