Penseli Haikuanguka

Kazi yangu ni vitu, si maneno.
Birika la enameli, kitambaa cheusi cha msiba,
muhuri wa mbao, na penseli moja ya manjano
niliyoinunua dukani kwa Naicker.
Kila jioni naichonga,
ingawa hakuna anayeandika nayo.

Ashwin Jantjies ndiye aliyeutunga mchezo.
Amemwandika baba yake na shangazi yake,
kawapa majina mengine, Karel na Magda,
lakini Kimberley ni mji mdogo wenye shimo kubwa:
ukitupa jina humo, mwangwi unakurudishia lile la kwanza.

Onyesho la pili. Ofisi ya serikali, mwaka wa hamsini na nane.
Theuns anacheza afisa
(Theuns huyuhuyu anayetuletea maandazi ya mama yake,
na kila usiku, kabla ya kupanda, huniomba radhi mimi,
sijui kwa nini mimi).
Anaichomeka penseli nyweleni mwa Karel. Inasimama kama msumari.
Muhuri: Chotara.
Anaichomeka nyweleni mwa Magda. Inateleza, inagonga sakafu.
Muhuri: Mzungu.
Ndugu wa toka nitoke, ziwa moja walinyonya.
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Siku ile ilipimwa
ikawa nyepesi kuliko penseli.

Onyesho la tatu mama amekufa.
Magda anakuja usiku, kwa mlango wa jikoni, na glavu mikononi,
na Karel hamkaribishi kiti.
“Uliiangusha.”
“Ilianguka yenyewe.”
“Uliiangusha, Magda.”
Hayo si ya Ashwin. Hayo ameyasikia ukutani
tangu akiwa mtoto, kila Krismasi ambayo shangazi hakuja.

Basi, ile Alhamisi ya mvua,
bati likipigwa hata tusisikiane,
Rozelle alifika amelowa chapachapa,
na nywele alizozinyoosha asubuhi kwa chuma cha moto
zikakumbuka kwao.

Theuns akaichomeka penseli.
Ikakaa.

Akangoja. Sote tukangoja.
Nilikuwa nyuma ya pazia, birika mkononi,
nikaiona ncha niliyoichonga mwenyewe
ikimeta juu ya sikio lake, imetulia
kama ndege aliyepata tundu.

Muhuri ukabaki hewani.
Msomaji wa pembeni akanong’ona mstari, akanong’ona tena.
Ndipo yule kijana anayecheza Karel,
ambaye hajawahi kukosea hata neno,
akanyoosha mkono akasema jambo lisilo kwenye karatasi:
“Basi twende nyumbani, dada. Mama amepika.”

Na ingeweza kuishia hapo.
Naapa, kwa pumzi tatu hivi
hapakuwa na glavu, hapakuwa na mlango wa jikoni,
walikuwa watu wawili wenye njaa wakitoka ofisini.
Mtu mmoja ukumbini alianza kupiga makofi.

Rozelle aliutazama ule mkono.
Halafu akatikisa kichwa.
Mara moja, taratibu, kama anayekataa chai.
Mara ya pili kwa nguvu.

Penseli ikaanguka.

Safu ya tatu, mwanamke wa miaka sitini akainuka,
mkoba umebanwa kifuani.
Hatukujua kama amekuja. Hata Ashwin hakujua.
“Ndivyo,” alisema, si kwa sauti kubwa,
lakini mvua ilikuwa imenyamaza.
“Ndivyo hasa. Mara mbili.”

Mzee Hendrik Jantjies alikuwa safu ya mwisho, karibu na mlango.
Hakugeuka, hakusimama.
Alivua kofia, akaiweka kwenye kiti kitupu cha kando yake,
kisha akaiondoa.

Kama shangazi alikaa pale, siwezi kukuambia.
Taa zilizimwa, nami nilikuwa magotini jukwaani,
napapasa gizani kutafuta penseli:
onyesho la tatu linaanza, na sakafu lazima iwe safi.
Niliipata chini ya meza. Risasi imevunjika ndani kwa ndani,
ile inayochongwa ikadondoka, ikachongwa ikadondoka,
hadi ikabaki kipande cha urefu wa kidole.

Kesho nitapita kwa Naicker.