Bei ya Sauti

Elfu thelathini na sita kwa mwezi.
Naiandika kwa penseli pembeni mwa daftari la duka
ambamo mchana kutwa nimeandika mali za wengine:
misumari ya inchi nne, kilo mbili;
bati ishirini; kufuli moja
la Mzee Drani, atalipa Ijumaa.
Elfu thelathini na sita. Na bando juu yake,
maana filamu hunywa MB
kama ng'ombe aliyetoka Koboko kwa miguu.

Candiru, dada yangu wa Kampala, anasema lipa,
sisi si watu wa kibandani tena.
Mumewe anasema acha, kuna kijana pale stendi,
kwa elfu mbili anakujazia flashi filamu kumi,
tatu zikigoma anakubadilishia.
Rahisi haikosi ila, namwambia.
Na ghali? anauliza,
nami nasingizia mtandao unakatakata.

Nililipa kwa ajili ya mama.
Magoti yake yamegoma, macho bado yana njaa.
Kuna maandishi ya lugha thelathini na moja.
Nimeteremka nayo kwa kidole hadi chini
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo ya mtihani ubaoni.
Kilugbara hakimo.

Basi nikamwita Onzima.

Miaka kumi na minane Onzima alikaa na kipaza sauti
katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Arua,
kiingilio shilingi mia tano, watoto wawili tikiti moja,
akitutafsiria Wachina, Wahindi na Wamarekani.
Kichina hakujua. Tulijua kuwa hajui.
Kwake jambazi lilikuwa likivusha petroli ya magendo,
shujaa alidaiwa karo, na hakuna aliyekufa
kabla ya kuwaaga shangazi zake wote kwa majina.
Sasa kibanda kinauza vipuri vya bodaboda
na Onzima analinda geti la shule, usiku, kimya.

Alikuja Jumapili, siku yake ya mapumziko,
kavaa koti, kama aliyeitwa kwenye usaili.
"Wanyamazishe hao," akasema,
nami nikaizima sauti niliyoilipia.
Akasafisha koo.
Mama akasogeza kiti.

Sijui tulitazama nini hasa.
Mwanamke wa kizungu, nyumba kubwa, mvua;
lakini kwa Onzima mwanamke huyo alikuwa mjane wa Maracha
na shemeji zake walitaka shamba la tumbaku.
Mama alimtukana shemeji mkubwa hadi akakohoa.
Katikati, skrini ikauliza: Bado unatazama?
"Inamuuliza nani?" mama akasema. "Ijibu."

Kisha umeme ukaenda,
kama unavyokwenda Arua, bila kuaga shangazi yeyote.
Friji la jirani likakohoa, likanyamaza.
Nikatafuta mshumaa. Onzima hakungoja mshumaa.
Mjane alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji,
akaenda mahakamani, akauza mbuzi wawili,
hakimu akachelewa, mvua ikamkuta njiani,
na shamba likarudi, ekari zote tatu,
saa nne na nusu usiku, gizani kabisa.
Nilimpa mayai sita na nusu kilo ya sukari.
Akayashika mayai kama tuzo.

Jana nilifungua ukurasa wa kujiondoa.
Wanataka sababu, uchague moja:
bei; filamu chache; situmii tena.
Nilikaa na kidole hewani.
Yangu haikuwemo, kama vile Kilugbara.
Nikasema, kabla sijaondoka, angalau tumalizie ile.

Tukaimalizia, mimi na mama, bila Onzima.
Mwanamke anapanda gari. Anatazama dirishani.
Majina yanapanda. Basi.

Mama aliyatazama majina mpaka la mwisho,
akangoja kidogo, labda kuna kingine.
"Na shamba?" akauliza.
Sikuwa na jibu.
"Huyu wako wa elfu thelathini na sita amekosea.
Jumapili, Onzima akija, amsahihishe."